Kidoti cha Kijani

9 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Pole na baridi ya huko, najua unavyoichukia. Sisi huku tunaendelea, isipokuwa lifti ya jengo imekufa tena na mtunza jengo anasema fundi yuko njiani. Njia yenyewe sijui inaanzia wapi, maana huu ni mwezi wa tatu. Mama anashuka ghorofa mbili kwa ngazi akiwa ameshika bega langu, akikanyaga chini anasema "nimefika", kisha anakumbuka kwamba safari ndiyo kwanza inaanza. Cherehani haijambo. Nimepata kazi ya mapazia ya ofisi ya bima, madirisha arobaini yote ya kipimo kimoja, nimeshona pindo mpaka vidole vimekataa kunyooka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua mama anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na hospitali iko upande wa pili wa mji. Yule dereva wa teksi aliyekuwa anatubeba amehamia kwa binti yake. Basi la abiria mama haliwezi, ngazi yake iko juu mno, na akitoka kwenye mashine miguu inakuwa kama ya kuazima. Wiki iliyopita tulikosa siku moja, akaamka uso umevimba. Daktari alinigombeza mimi, mama hakuguswa, na alikuwa na haki. Alisema tukikosa siku mbili mfululizo tusije kumtafuta mchawi.

Kwa hiyo nimeamua kununua gari. Usicheke. Ni kigari kidogo cha umeme, cha mtumba, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu na kiti cha magurudumu kinaingia bila kugombana. Hakinywi mafuta, nakichaji hapa hapa nyumbani. Muuzaji ni bwana mmoja mnene mwenye sauti ya redio, anayo mawili, jekundu na la kijivu, yote yametoka kwenye mayadi ya huko uliko. Kwenye dashibodi kuna vijisanduku kumi na viwili vya kuonyesha uzima wa betri, na vyote vimejaa. Nimeongea na shangazi, kiwanja cha baba kimeshauzwa, usinune. Kiwanja kingine hatuna, ndiyo maana nakuuliza kabla sijatia sahihi.

Wewe unashinda na betri hizo hizo kutwa. Niambie tu: ninunue au nisinunue? Muuzaji amenipa mwezi mmoja.

Mama anasema ule, na uache kuosha nywele kwa maji baridi.

Mdogo wako,
Kidoti

(Bado kipo, shavu la kushoto, chini kidogo ya jicho. Mama anasema nikimpotea mjini atanitambua kwacho.)


20 Februari

Kidoti,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana. Hapa barua zinapita ofisini, zikitoka na zikiingia, na msimamizi wetu anaijua lugha yetu vizuri kuliko anavyojifanya. Simu zinakaa kwenye kabati lake hadi siku ya mapumziko, na siku ya mapumziko inahamahama, tena tunapiga yeye akiwa amekaa pembeni. Basi usione nimekaa kimya ukadhani nimenuna. Kiwanja kilikuwa cha baba, na mama ni mke wa baba. Sina la kusema hapo.

Mimi mzima. Chumba chetu kina vitanda sita na dirisha moja, nikifungua naona mapaa ya magari mpaka macho yanachoka. Mwenzangu wa kitanda cha juu anakoroma, wa kitanda cha pembeni anaimba, wakikutana wote wawili najikuta nawakumbuka majirani zetu kwa upendo.

Kuhusu gari. Usiwe na haraka. Kabla hujalipa liendeshe mbali, liendeshe mpaka lichoke, siku mbili tatu mfululizo, mwenyewe akinung'unika mwache anung'unike. Unachokiona kwenye dashibodi siku ya kwanza usikitegemee. Ukiweza, subiri. Ukiweza, tafuta teksi nyingine.

Zaidi ya hapo sina nafasi ya kuandika. Mwambie mama ninakula, na maji ya hapa ni ya moto.

Kaka yako


6 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika gari likiwa tayari chini ya dirisha langu. Tarehe kumi na moja Februari nilisaini. Mwezi ulikuwa umepita, bwana sauti ya redio akasema ana mteja mwingine, na mama alikuwa ameshakosa siku nyingine. Nisamehe. Ningekungoja ungenikuta nimeota mizizi.

Sasa sikiliza raha. Nilichagua la kijivu, na unajua kwa nini? Nilifungua kile kifuniko cha mbele cha kuchomekea chaji, ndani yake nikakuta kuna alama ndogo ya rangi ya kijani, duara safi, upande wa kushoto, chini kidogo. Lile jekundu halikuwa nayo. Nikamwita mama aje aone, tukacheka wote wawili, nikasema basi, hili ni la ukoo wetu, lina kidoti kama mimi. Muuzaji mwenyewe hakuwa anajua kama kipo.

Linakwenda kimya mpaka mama aliuliza kama tumeshaanza safari wakati tulikuwa tumeshafika kwa muuza maua. Usukani mwepesi, unageuza kwa kidole. Tunaenda hospitali, tunarudi, na chaji bado ipo. Waya nauteremsha dirishani kutoka ghorofa ya pili, nimeufunga vitambaa vyekundu ili watu wasijikwae. Mtunza jengo ameshapiga kelele, nikamshonea pazia la choo chake, sasa anausogeza mwenyewe kila akifagia.

Umesema niliendeshe mpaka lichoke. Halichoki, kaka. Mama hajakosa siku hata moja tangu tulinunue, uso umerudi kuwa uso. Jumapili iliyopita hatukuwa na pa kwenda, tukaenda tu, tukazunguka, mama akinionyesha nyumba alizofanyia kazi za ndani akiwa msichana. Sikuwahi kujua. Miaka minne sijatoka ndani ya nyumba hii isipokuwa kwa hospitali na vitambaa, na siku ile nilijiona mtu.

Mama anauliza kama gari ni wewe uliyetuchagulia huko. Nikamjibu ndiyo, kwa namna fulani.

Kidoti


14 Aprili

Kidoti,

Marahaba. Nimefurahi mama kuwa na nafuu, nimeisoma sehemu ya Jumapili mara tatu.

Niandikie tarakimu sita za mwisho za namba ya chesisi, ipo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Niambie pia ile rangi ni ya kijani kibichi au kijani cha majani makavu, na kama imeingia kwenye mfereji wa kifuniko au imekaa juu tu. Usiniulize sababu.

Usiende nalo mbali. Wala usilichaji mpaka juu kabisa kila siku.

Maji ni ya moto, mwambie mama.

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Namba nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Rangi ni ya kijani kibichi na imeingia kwenye mfereji. Sijui unataka kulipaka rangi ya mdomo.

Mambo yamegeuka. Vile vijisanduku kumi na viwili vilianza kupungua kabla hata ya barua yako kufika. Vikawa kumi, vikawa tisa, Jumatatu hii ni vitano. Mwanzoni nilidhani ni dashibodi inaniletea maringo. Kumbe betri.

Wiki jana tulipokuwa tunarudi hospitali gari lilianza kujivuta kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, likasimama katikati ya makutano pale penye tangi la maji. Likazima, likakaa. Mama alikuwa ametoka kwenye mashine, anatetemeka, unajua anavyotetemeka. Sikuwa na blanketi. Nilimfunika pazia la ofisi ya bima, jipya, lilikuwa kwenye buti napeleka. Saa mbili nzima, honi nyuma yetu, watu wanachungulia kioo na kuniuliza kwa nini sijajaza mafuta. Waoka mikate wa duka la kona ndio waliotusukuma pembeni, mikono yao ikaacha unga kila mahali. Mama hakulalamika. Alisema tu, "Kidoti, hapa tulipo ni wapi?" na alikuwa anaujua mtaa ule vizuri.

Nimebandika ramani ya mji kwenye meza ya kukatia. Nimechukua chaki na uzi, nikachora duara la mwisho wa uwezo wa gari, kwenda na kurudi. Kila kijisanduku kikianguka nachora duara jingine ndani ya lile la kwanza. Nyumba alizonionyesha mama ziko nje. Hospitali iko juu ya mstari wenyewe. Kikianguka kimoja zaidi, itakuwa nje nayo, na kaka, mimi sina kiwanja kingine.

Bwana sauti ya redio anasema gari lilitoka kwake likiwa limejaa, na hilo ni kweli, nililiona kwa macho yangu. Lakini fundi mmoja wa mtaa wa pili amenifungua masikio. Anasema kuna kidude kidogo, unakichomeka chini ya usukani, unaifanya kompyuta ya betri isahau umri wake, vijisanduku vinarudi vyote kumi na viwili kwa wiki kadhaa. Ananiambia nifanye hivyo niliuze haraka. Na mnunuzi yupo: mwalimu wa chekechea wa ghorofa ya chini, analipenda gari hili tangu siku ya kwanza, kila akipita anapangusa kioo. Fundi hana kidude hicho. Wewe bila shaka unakijua. Nielekeze kinavyopatikana na kinavyofanya kazi.

Najua unavyonitazama sasa hivi. Usinitazame hivyo. Mama lazima afike hospitali.

Kidoti


3 Juni

Kidoti,

Marahaba. Nimepata barua na namba.

Hilo la kidude sitakufundisha. Usiniulize tena kwa njia hii.

Msalimie mama.

Kaka yako


20 Juni

Kaka,

Shikamoo, kwa sababu mama amesimama nyuma yangu na anasoma mwanzo wa barua kila mara.

Sasa amekwenda kulala. Mistari mitatu ndiyo uliyonipa. Nimeihesabu mara mbili. Uko huko miaka sita, sijawahi kukuomba chochote cha kazi yako, na siku nilipoomba unanijibu kama karani wa dirishani anayetaka kufunga. Unanionea aibu kwamba nataka kumdanganya mwalimu? Mimi mwenyewe naiona hiyo aibu, silali nayo vizuri. Lakini wewe huteremshi mtu ngazi. Huchori maduara. Unaniambia "msalimie mama" halafu unarudi kwenye maji yako ya moto.

Hospitali sasa iko nje ya mstari. Nimeongea na mlinzi wa geti, ananiruhusu nichomeke waya kwenye kibanda chake mama akiwa kwenye mashine. Saa nne za chaji zinaturudisha nyumbani kwa kubahatisha. Siku umeme wa kibanda ukikatika tunakaa kwenye gari tunangoja, mimi na mama na mlinzi, tunaongelea hali ya hewa.

Kama hutaki kunisaidia sema hutaki. Usinifungie mlango halafu ukanyamaza nyuma yake.

Kidoti


15 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii haikupitia ofisini. Nimempa dereva wa lori la matairi, ataitia kwenye posta ya mjini. Ndiyo maana nimengoja mwezi mzima zamu yake ifike, na ndiyo maana ya ile mistari mitatu. Naandika nikiwa ndani ya gari lililobomolewa injini, nyuma kabisa ya yadi, nimelaza kiti.

Maji si ya moto. Hayajawahi kuwa ya moto.

Kidude unachokitafuta kiko mfukoni mwangu. Ndiyo kazi yangu. Gari linaingia na vijisanduku vinne au vitano, nachomeka, nangoja dakika kumi, linatoka na kumi na viwili. Kwa siku nafanya tisa, wakati mwingine kumi na moja. Halafu yanapakiwa yanakwenda kwa watu nisiowajua, au ndivyo nilivyokuwa najiambia. Kila fundi hapa huweka alama yake kwenye gari alilokwisha kulitibu, kwa sababu zamu ya pili ikilirudia kompyuta inagoma kabisa. Kuna anayeandika herufi, kuna anayekwaruza kwa msumari. Mimi niliokota chupa ya rangi ya kijani. Siku ya kwanza nilikuwa nimewakumbuka sana nyumbani, nikaweka kidoti kimoja, kushoto, chini kidogo. Nikaona kimekaa vizuri. Tangu hapo naweka hicho hicho.

Namba uliyoniandikia nimeitafuta kwenye daftari la zamu. Ni langu. Nililifanya Oktoba, asubuhi, la nne siku hiyo.

Kwa hiyo hukuchagua gari kwa bahati, Kidoti. Ulichagua lile nililoliharibia ukweli, ukalichagua kwa sababu ya mkono wangu. Jekundu halikuwa na alama kwa sababu halikupita kwetu, inawezekana lilikuwa zima. Nimelifikiria lile jekundu kuliko unavyodhani. Februari ile barua yako ilipofika nilitaka kuandika neno moja tu, "usinunue", lakini msimamizi angeuliza kwa nini fundi wa yadi anazikataa bidhaa za yadi. Nikaandika mafumbo. Na mafumbo yenyewe yakachelewa.

Utauliza kwa nini siondoki. Pasipoti yangu iko kwenye sefu ya ofisi, na kibali changu kina jina la yadi hii na si jingine. Nikitoka getini bila ruhusa mimi ni mtu asiye na karatasi. Nikitoka kwa ruhusa ninarudishwa nyumbani mikono mitupu, na dawa za mama zinatoka hapa. Kila unapokwenda kwa mfamasia, ni hivi vidoti vinavyolipa. Sijisafishi. Nakueleza tu mlango uliosema nimeufunga umefungwaje.

Nataka uniamulie. Nimechoka kujiamulia. Ukiniandikia "acha", nitaacha siku hiyo hiyo, nitamwekea msimamizi kidude mezani, na litakalokuja lije. Jibu lako lisipitie ofisini, litume kwa anuani ya dereva niliyoiandika nyuma ya bahasha. Usimwambie mama.

Kaka yako


30 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, lifti ilitengenezwa ikafanya kazi siku nne, mtunza jengo sasa anatukwepa.

Barua yako nimeiweka chini ya kitambaa kwa siku tisa. Siku ya kwanza nililia juu ya meza ya kukatia, machozi yakafuta chaki upande wa kusini wa mji wote. Siku ya pili nilikuchukia. Ya tatu nilimchukia yule msimamizi wako. Nilipoishiwa watu wa kuchukia nikarudi kwenye mapindo.

Kabla haijafika nilikuwa nimeshamwambia mwalimu ukweli. Nilishindwa, kaka. Alikuja na kitambaa chake akaanza kupangusa kioo, nikamwambia liache, betri imekufa, utajuta. Akanishukuru sana. Akasema watu kama mimi siku hizi hawapo.

Juzi amenigongea mlango anacheka, njoo uone, njoo uone. Nikashuka. Kigari kama changu, cheupe. Amekinunua kwa bwana sauti ya redio. Vijisanduku vyote kumi na viwili. Akafungua kifuniko cha chaji mwenyewe, kwa madaha, akaniambia, "Angalia, hata kile kidoti chako ninacho."

Nikamwambia hongera.

Nilikuwa na nafasi ya kusema jingine. Tulisimama pale kama dakika tano, alikuwa ananionyesha viti. Lakini ningesema, angeuliza nimejuaje. Angekwenda kwa muuzaji, muuzaji angewauliza watu wa yadi, na mwenye rangi ya kijani ni mmoja. Nikapangusa kioo chake kwa kiganja. Ana baba yake mzee, anataka kumpeleka kliniki ya macho. Amenionyesha iliko kwenye ramani yangu. Kwa sasa iko ndani ya duara la gari lake.

Nilikuandikia barua ya neno moja. "Acha." Nikaifunga bahasha, nikaandika anuani ya dereva. Nilipitia kwa mfamasia kabla ya posta, akaniambia daktari amebadilisha dawa za mama, hii mpya ndiyo inayomfaa, na mwezi ujao nisichelewe. Nikarudi nyumbani na bahasha. Nimeifungua kwa mkasi. Hii ndiyo nyingine.

Endelea na kazi, kaka. Umeniomba niamue, nimeamua, na usinishukuru wala usiniombe radhi, maana sasa tuko wawili.

Ila kidoti kitoe. Weka msalaba, weka namba, chora pua ya msimamizi ukitaka. Usiwapelekee watu uso wangu. Cha kwetu nimekifuta kwa asetoni, nikasugua mpaka plastiki ikapauka. Mama alikuwa kwenye kiti chake ananitazama, akauliza kwa nini nakitoa na kilikuwa kinapendeza. Nikamwambia ulikuwa uchafu.

Hospitali tunafika. Tunachomeka kwa mlinzi, tunarudi, hatuendi pengine. Maduara nimeyafuta yote, kwenye ramani nimebakiza mstari mmoja tu wa kwenda na kurudi.

Mama anakusalimu. Kila akikaa garini hupiga dashibodi kofi dogo na kusema, "Asante, mwanangu", akiamini kwamba gari hili ni kazi ya mikono yako. Sijapata namna ya kumwambia anakosea.

Kidoti